Zamu ya Kusema

Fundi wa mtandao alifika saa mbili asubuhi, akavua viatu mlangoni, akamwamkia shangazi yangu, "Shikamoo Bi Mkubwa," akaitikiwa marahaba, na kwa saa nzima iliyofuata hakuigusa ruta. Alikuwa na daftari la shule, kalamu mbili, na kisu kidogo cha kukunja. Akaanza kuzunguka nyumba.

Nyumba yenyewe imo ndani kabisa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa tatu za mawe ya matumbawe na chokaa, na uwanja wazi katikati. Chini anakaa shangazi na wajukuu. Juu kuna vyumba vinne vya kupangisha wageni, na ni wageni hao walioleta uchumi na vifaa: kufuli za namba milangoni, viyoyozi vinavyowashwa kwa simu, TV kila chumba, kamera za koridoni, taa za ngazi zinazowaka zenyewe mtu akipita, kipimo cha tangi la maji juu ya paa. Kila kimoja kilinunuliwa kwa wakati wake, kikafungwa na mtu wake, kikapewa neno la siri na kusahauliwa. Halafu ikawa kila magharibi waifai inakufa. Shangazi alishauriwa aongeze kifurushi cha intaneti, akaongeza. Akashauriwa anunue ruta yenye antena nane, akanunua. Magharibi ikaendelea kuwa magharibi.

Fundi, dada wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akisimama mbele ya kila kifaa na kuuliza swali moja: "Hiki kinasema na nani?" Akijibiwa anaandika. Asipojibiwa anaandika alama ya kuuliza. Alipomaliza paa akashuka, akahesabu mistari: vifaa 40. Hapo ndipo alipoifungua ruta kwa mara ya kwanza na kutazama orodha yake. Ruta ilisema 41.

Mtu mwingine angeipuuza tofauti hiyo. Yeye alivuta kiti. Kila kifaa cha mtandao huzaliwa na namba yake ya kiwandani, tarakimu na herufi 12, na 6 za mwanzo humtaja aliyekitengeneza. Za huyu wa 41 zilimtaja mtengenezaji wa vipande vidogo vya elektroniki vinavyotiwa ndani ya vitu vya bei nafuu. Basi si simu, wala si TV. Akaenda na simu yake mkononi akitazama nguvu ya mawimbi, chumba hadi chumba, mpaka jikoni. Nyuma ya friji kulikuwa na plagi janja, imejaa vumbi, taa yake ya buluu ikipepesa. Mjukuu mmoja aliinunua miaka miwili nyuma apime umeme wa friji, akaenda zake masomoni bara. Kwa miaka miwili ilikuwa ikituma habari za friji ya shangazi kwenye kompyuta ya mbali. Fundi akaifuta vumbi kwa kitambaa, akaandika: plagi ya 3, jikoni, nyuma ya friji.

Nilidhani sasa kazi itaanza. Akasema ameshaanza, na kwamba atarudi jioni, kwa kuwa ugonjwa wa magharibi haupimwi asubuhi.

Alirudi kabla ya adhana. Kwanza alichomeka kompyuta yake kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba, akapima. Kasi ilikuwa ileile aliyolipia shangazi, kamili. Basi kebo ya baharini haina kosa, kampuni haina kosa, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Kisha akachomoa waya, akakaa kwenye ngazi, akaanza kusikiliza hewa. Sina neno jingine kwa alichokuwa akifanya. Skrini yake ilionyesha mitandao yote inayosikika pale, ya nyumba hii na ya majirani, kila mmoja kama kilima kilichopandana na vingine.

Ili kuelewa alichokiona inafaa kwenda mbali kidogo, visiwa vingine. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha kompyuta za visiwa tofauti kwa redio. Waliuita mtandao wao ALOHAnet. Wote walitumia masafa mamoja kutuma, na kanuni ilikuwa rahisi: ukiwa na neno, sema; usipojibiwa kwamba limefika, ujue mmegongana na mwingine, ngoja kitambo cha kubahatisha, sema tena. Abramson akapiga hesabu akaona kwamba kwa utaratibu huo hewa haiwezi kutumika vyema zaidi ya asilimia 18 hivi. Iliyobaki ni ukimya na migongano. Waifai ya leo ni kitukuu wa wazo hilo, ila imefunzwa adabu zaidi. Husikiliza kabla ya kusema. Ikisikia mwingine anasema, hunyamaza na kungoja zamu.

Na hili ndilo fundi alilotaka nilielewe, akalirudia mara mbili: hewa ni moja. Watu huifikiria waifai kama bomba, ukitaka maji zaidi nunua bomba nene. Lakini ni baraza. Katika mkondo mmoja, kwa wakati mmoja, anasema mmoja. Na ubaya wa baraza hii ni kwamba anayesema polepole anakula muda wa wote. Taa ya ngazi iliyo mbali, inayosikia kwa shida, huteremsha mwendo wake hadi megabiti 1 kwa sekunde ili isikike, na wakati inajikongoja na kijisentensi chake, simu ya mgeni yenye uwezo wa mamia ya megabiti imekaa kimya inangoja.

Sasa tazama nyumba ilivyokuwa. Kamera 5 zilikuwa zikirusha picha hewani usiku na mchana, mbili kati yake kutoka pembe ambako zinasikika kwa taabu. TV 6 nazo hewani, na magharibi ndipo wageni hurudi na kuziwasha. Mafundi waliopita walikuwa wameanzisha majina 6 ya mitandao, kila mmoja lake, na kila jina hujitangaza karibu mara 10 kwa sekunde hata kama hakuna anayelitumia, tena kwa mwendo wa chini kabisa ili kila mtu alisikie. Ile ruta ya antena nane, kwa tamaa ya kasi, ilikuwa imejitanua kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kwa upana maradufu, ikiwakanyaga majirani na kukanyagwa nao. Masafa hayo ni membamba. Mikondo yake iko 11 au 13 kulingana na nchi, lakini inayoweza kukaa pamoja bila kuingiliana ni mitatu tu: wa 1, wa 6 na wa 11.

Na hizo antena nane? Hapa fundi alinipa hoja ninayoipenda kuliko zote nilizosikia siku ile. Ruta inaweza kupaza sauti mpaka paani, alisema, lakini simu haina kifua cha kujibu kwa sauti hiyo. Mazungumzo ni ya wawili. Mgeni wa chumba cha juu anaona vijiti vyote vimejaa kwa sababu anaisikia ruta, na hapati kitu kwa sababu ruta haimsikii yeye.

Alipima kila chumba. Ukumbini, karibu na ruta, kipimo kilisoma -48. Chumba cha nyuma ghorofa ya tatu, -83. Kwa macho yangu ilikuwa tofauti ya 35. Lakini kipimo hiki cha desibeli hujikunja: kila kikishuka 3, nguvu imekatika nusu. Ukiteremka 35, nguvu iliyobaki ni chini ya sehemu moja ya elfu tatu ya ile ya mwanzo. Aliziandika namba zote pembeni mwa ramani ya nyumba aliyoichora kwa mkono, na ramani ile ilikuwa nzuri kwa namna ambayo siwezi kuisahau. Aliichora nyumba kama mawimbi yanavyoiona.

Nyumba za Mji Mkongwe zina umbo lake kwa sababu ya mikoko. Dari hubebwa na boriti, na boriti ya mkoko haiwi ndefu kupita mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu, hata katika majumba ya matajiri. Kuta, zinazobeba uzito wote, hufika nusu mita ya unene. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, la gigahezi 5 kama 6, na yote mawili yakiukuta ukuta wa namna hiyo hutoka upande wa pili yakiwa hoi, la pili zaidi ya la kwanza. Lakini kando ya urefu wa chumba, na kupitia milango, na hasa kupitia uwanja wa katikati, njia ni nyeupe. Kanuni yake ilikuwa kwamba panapopita mwanga mawimbi nayo hupita. Aliyeukata mkoko ule zamani hizo alikuwa ameshaamua mahali pa kuweka vifaa vya kurushia, na fundi alisoma uamuzi wake. Aliweka viwili: kimoja ghorofa ya kwanza, kingine ya tatu, vyote vikitazama uwanja, kila kimoja kwenye mkondo wake, wa 1 na wa 6. Kisha, jambo lililonishangaza, akavipunguza nguvu. Kila kimoja kihudumie waliopo karibu, na simu inayopanda ngazi ikiache cha chini na kukishika cha juu badala ya kung'ang'ania sauti ya mbali.

Ruta ya antena nane haikutupwa. Ilizimwa antena zake ikabaki kugawa anwani, kazi ambayo iliiweza vizuri.

Siku ya pili ilikuwa ya waya. Kitu kisichohama kipewe waya, alisema, na kwa hesabu yake vilikuwa 14: kamera zote, TV zote, printa, kompyuta ya mezani, na inveta ya sola. Kila kimoja kinachotoka hewani huwaachia wengine nafasi ya kusema. Shangazi alikuwa na boksi la kebo alilouziwa kwa bei nzuri. Fundi alikata kipande, akatoa uzi mmoja, akaukwangua kwa kisu. Rangi ya shaba ikabanduka, ndani ukawa mweupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme vibaya zaidi, hukatika ikikunjwa, na ikibeba umeme wa kamera kwa masafa marefu hupata moto. Alilifunga boksi, akamwambia shangazi kwa upole kwamba hii hawezi kuiingiza ukutani mwake. Shangazi akanyamaza kidogo, akatoa pesa ya boksi jingine.

Hakutoboa ukuta hata mmoja mpya. Alifuata tundu la bomba la kiyoyozi, akapita juu ya boriti ambako kivuli huficha, akateremkia pembeni mwa uwanja ndani ya mfereji wa plastiki. Halafu akakaa sakafuni, miguu ameikunja, kubana vichwa.

Ningeweza kumtazama akifanya kazi hiyo siku nzima. Ndani ya kebo mna nyuzi 8 katika jozi 4, na kila jozi imesokotwa. Usokotaji huo ni maarifa ya zamani. Alexander Graham Bell aliuandikishia hataza mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Nyuzi mbili zikisokotwa, kelele inayoingia kutoka nje huzigusa zote sawasawa na upande wa kupokea huweza kuifuta. Jozi nne hizi hazisokotwi kwa idadi moja, kila moja ina mwendo wake, ili zisiambukizane. Kwa hiyo dhambi kubwa ya mfunga kebo ni kuzisokotoa kupita kiasi kwa ajili ya wepesi wa vidole. Yeye alifungua kama sentimita moja tu. Akazinyoosha kwa kuzivuta baina ya kidole gumba na cha shahada mara tatu, nne, mpaka zikalala kama meno ya kitana: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Utaona kijani imetenganishwa, buluu ikakaa katikati yake. Nilimuuliza kwa nini. Ni heshima kwa simu ya zamani, alisema, ambayo laini yake ilikaa katikati ya soketi. Wapya walipokuja wakaizunguka. Akakata ncha kwa mkato mmoja, akasukuma, akatazama kwenye mwanga kama nyuzi zote zimefika mwisho, kisha koleo ikabana. Vichwa vitatu alivikata akavitupa, ingawa kipima kiliwaka taa zote 8. Ganda la nje halikuwa limeingia vya kutosha ndani ya kichwa, na hewa yetu ya chumvi ingepata mlango.

Kwenye kamera alisimama muda mrefu zaidi. Nne kati ya tano zilikuwa bado na jina na neno la siri la kiwandani, lile linaloandikwa kwenye karatasi ya maelekezo na kujulikana dunia nzima. Kuna historia hapa, na aliijua. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizagaa mitandaoni ikibisha hodi kwenye kamera na virekodi vya video, ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani kama 60 hivi, basi. Haikuhitaji werevu zaidi. Iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vikaelekezwa kuigonga kampuni ya Marekani iitwayo Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Kwa saa kadhaa mamilioni ya watu hawakuweza kuzifungua Twitter na Netflix. Miongoni mwa wenye kamera zile hakuna aliyejua kuwa kamera yake imo vitani. Uingereza imeshapiga marufuku kwa sheria maneno ya siri ya namna hiyo tangu Aprili 2024.

Shangazi alikuwa akisikiliza huku akichambua mchele. "Kwa hiyo mtu kule ng'ambo angeweza kuniona nikifagia?"

"Angeweza, Bi Mkubwa. Njia hiyo nimeifunga."

Alifunga na nyingine. Majina 6 ya mitandao yakawa 3: la familia, la wageni, la vitu. Vitu haviwezi kuianza safari ya kwenda kwenye simu za watu, na simu ya mgeni haiioni printa wala kamera. Kila kifaa kikapewa anwani yake isiyobadilika, kwa mpangilio anaoukumbuka bila kutazama: kamera kuanzia 10, TV kuanzia 20, kufuli kuanzia 40. Na kila kimoja kikapewa jina la Kiswahili. Nilipofungua orodha mara ya kwanza, kabla yake, ilikuwa msitu wa herufi. Sasa nilisoma: kamera ya koridoni, taa ya ngazi ya 2, kiyoyozi cha chumba cha bahari. Neno la siri la kila kitu aliliandika kwenye karatasi mbili, akazitia bahasha, shangazi akaiweka pamoja na hati za nyumba.

Lililobaki lilikuwa suala la taa. Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ya Tanzania na majirani ikazorota kwa siku kadhaa. Ninaikumbuka wiki hiyo kwa sababu taa za ngazi za shangazi hazikuitikia. Taa iko ngazini, swichi iko simuni, simu iko mkononi, mkono uko ngazini, na amri ilibidi ivuke bahari iende kwenye kompyuta ya mtengenezaji na kurudi. Fundi aliliona jambo hili kama kosa la ujenzi, sawa na ngazi isiyo na mkono wa kushikia. Alileta kompyuta ndogo kiasi cha kiganja, akaitia Home Assistant, programu ya bure aliyoianzisha Mholanzi Paulus Schoutsen mwaka 2013 na ambayo tangu hapo imejengwa na watu wengi, na kuanzia jioni ile amri za nyumba zikakaa ndani ya nyumba. Balbu nne za ngazi alizibadilisha kwa za Zigbee, ambazo hazitumii waifai kabisa. Zina mkondo wao, akaupeleka wa 25, karibu na mwisho wa juu wa masafa, mbali na wa 1 na wa 6. Saba zilizobaki, alisema, zibadilishwe kila moja itakapoungua. Hapana haja ya kutupa kitu kizima.

Jaribio la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, hakuombwa. Magharibi ya siku ya tatu, wageni wakiwa vyumbani na kwa ruhusa ya shangazi, alishusha breka kubwa. Umeme wetu hukatika, na mtandao uliopangwa vizuri asubuhi unaweza kuanguka usiku pale vifaa vyote vinapoamka kwa pamoja na kugombea anwani. Ruta, swichi ya mtandao na vifaa vya kurushia vilibaki vimewaka juu ya betri ndogo ya volti 12 aliyoifunga nyuma ya kabati, ili waamkao wamkute mwenyeji yuko macho. Tukakaa gizani kwenye ngazi dakika tano. Akapandisha breka.

Kompyuta ilikuwa magotini pake, orodha wazi. Majina yakaanza kurudi. Kamera ya koridoni. Kamera ya mlango wa nyuma. Printa. TV ya chumba cha bahari. Inveta. Taa ya ngazi ya 1, ya 2, ya 3, na papo hapo ngazi ikawaka juu yetu. Viyoyozi vikaingia vinne kwa mfululizo. Plagi ya nyuma ya friji. Alikuwa akiweka alama kwa kalamu kwenye daftari, mstari kwa mstari, ingawa skrini ilikuwa ikihesabu yenyewe. Mwanamume mmoja mgeni alipita, akatusalimia, akapanda akizungumza na mtu kwa video, na picha haikukwama alipovuka ghorofa ya pili.

Arobaini. Tukangoja. Dakika mbili, tatu. Mstari mmoja ulibaki bila alama: kipimo cha tangi.

Nilimwambia bila shaka kitaamka chenyewe kesho. Alikuwa ameshachukua tochi na bisibisi, anapanda kuelekea paani.